Kangomba huanzia mfukoni, si shambani

MWEZI Agosti ni mgumu kwa kaya nyingi za wakulima wa korosho katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mikorosho inachanua, dawa ya kupulizia inatakiwa, shuleni kuna michango, na fedha za msimu uliopita zimekwisha. Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapobisha hodi. Haji na mizani. Anakuja na fedha taslimu, anahesabu noti mbele ya mwenye nyumba, na anachotaka ni ahadi tu: korosho zikianza kuokotwa, mzigo wake uwe wa kwanza kutoka.

Biashara hiyo ya kununua korosho nje ya ghala, kwa bei ya kutupa na vipimo visivyo rasmi, imepigwa marufuku miaka mingi. Viongozi wameikemea majukwaani na mizigo imekamatwa. Hata hivyo haijafa, kwa sababu mzizi wake hauko kwa mnunuzi peke yake. Mzizi mwingine uko kwenye mfuko wa mkulima, uliotoboka tangu Desemba.

Mkulima wa korosho hulipwa kwa msimu, lakini hula kila siku. Ndivyo ilivyo pia kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, wa tumbaku wa Tabora na wa pamba wa Shinyanga. Hata mwenye duka kijijini yumo katika mkondo huo huo, kwa kuwa wateja wake hununua kwa fujo wakati wa mavuno na kukopa wakati wa kiangazi cha mfuko. Anayeshindwa kuitawala fedha ya msimu hulazimika kuuza msimu unaofuata kabla haujafika.

Hasara isiyoandikwa

Kwa mfano, mkulima mwenye shida ya sh. 80,000 mwezi Agosti akikubali kuuza kilo 100 kwa sh. 800 kila moja, shida yake inakwisha siku hiyo hiyo. Lakini ikifika Novemba, kilo hizo 100 zingepitia chama cha msingi na kupata sh. 2,400 mnadani, thamani yake ingekuwa sh. 240,000 kabla ya makato.

Maana yake ni kwamba mkulima huyo amekopa sh. 80,000 kwa miezi mitatu na kulipa sh. 240,000. Hata yakiondolewa makato ya chama, ghala na usafirishaji, bado ni deni ghali mno. Angekopa kiasi hicho hicho kwenye kikundi kinachotoza asilimia tano kwa mwezi, riba ya miezi mitatu ingekuwa sh. 12,000. Angelipa sh. 92,000 na kilo zake 100 zingebaki kuwa zake.

Ubaya wa hasara ya kangomba ni kwamba haionekani kama deni. Hakuna anayeiandika wala anayekuja kudai riba. Mkulima hubaki akilalamika kuwa msimu haukuwa mzuri, kumbe sehemu ya msimu ilikwishaliwa kabla haijaokotwa.

Mwaka una miezi 12

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye zao la korosho mwaka 2007, wakulima wengi wamezoea kulipwa kupitia akaunti za benki baada ya mnada. Hilo lina faida moja kubwa: fedha inafika ikiwa nzima na mahali pamoja. Kazi ya kuigawa inatakiwa kufanyika kabla haijatoka hapo.

Chukua mfano wa mkulima ambaye baada ya makato yote anapokea sh. 2,400,000. Kwa macho ya siku hiyo ni fedha nyingi. Ikigawanywa kwa miezi 12, ni sh. 200,000 kwa mwezi, na ndani yake kuna shamba, shule, hospitali na jikoni. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aitazame pikipiki ya dukani kwa jicho jingine.

Mgawanyo wake unaweza kuwa hivi. Sh. 600,000 ziwe za shamba, yaani palizi, kupogolea, salfa na vibarua wa kupulizia. Hata katika misimu ambayo pembejeo hutolewa kwa ruzuku, bado bomba linahitaji mafuta na mpuliziaji anahitaji ujira. Sh. 400,000 ziwe za shule na matibabu. Sh. 960,000 ziwe za matumizi ya nyumbani, ambazo ni sh. 80,000 kila mwezi, kwa kudhani kuwa mahindi na muhogo vinatoka shambani kwake mwenyewe. Sh. 240,000 ziwe za dharura. Zinazobaki, sh. 200,000, ziwe za maendeleo na furaha: bati, mbuzi, nguo za sikukuu au mchango wa unyago.

Viwango hivyo ni mfano tu, na kila kaya ina mzigo wake. Jambo la msingi ni mpangilio. Fedha ya shamba hutengwa kwanza kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine zote. Mkulima hapiki mbegu aliyoihifadhi hata kama watoto wanataka ugali, bali hutafuta chakula kwingine. Fedha ya palizi na dawa nayo ni mbegu, na inastahili heshima hiyo hiyo.

Fungu la dharura ndilo hudharauliwa zaidi, na ndilo linalomfukuza mnunuzi wa kangomba. Shida nyingi zinazompeleka mkulima kwake si kubwa. Ni mgonjwa wa ghafla, nauli ya msiba, sare ya mtoto. Mwenye sh. 80,000 za dharura mwezi Agosti ameokoa kilo zake 100.

Bei ya mwaka jana haili chakula cha mwaka huu

Wapo wanaoharibikiwa si kwa kutumia fedha waliyonayo, bali kwa kutumia ile ambayo haijafika. Historia ya korosho ina somo la wazi katika hili. Msimu wa 2017/2018 bei ilivuka sh. 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Wengi wakapanga msimu uliofuata kwa bei hiyo hiyo. Oktoba 2018 wanunuzi walitoa bei zilizokuwa chini ya sh. 3,000 na wakulima wakakataa kuuza.

Novemba mwaka huo Serikali ilitangaza kuwa itanunua korosho zote kwa sh. 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa ya kuridhisha, lakini uhakiki wa wakulima na mashamba yao ulichukua muda, na wapo waliosubiri malipo hadi ndani ya mwaka 2019. Aliyekuwa amekopa kwa kutegemea kulipwa Desemba alijikuta na deni linalokua huku fedha yake ikiwa bado kwenye makaratasi.

Funzo lake ni mambo mawili. Kwanza, bajeti ipangwe kwa bei ya chini ambayo mkulima ameiona katika miaka ya karibuni, si kwa ile ya juu. Bei ikizidi, ziada haimdhuru mtu. Pili, korosho iliyo ghalani bado si fedha. Isiahidiwe kwa fundi, kwa mwenye duka wala kwa wazazi wa mchumba mpaka ujumbe wa benki uingie.

Mauzo si faida

Kwa mfanyabiashara mdogo, shimo la fedha liko mahali pengine. Yeye hushika fedha kila siku, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba anayo.

Mama mwenye genge anayeuza sh. 60,000 kwa siku anaweza kujiona tajiri kuliko mwalimu. Lakini kama bidhaa hizo alizinunua kwa sh. 48,000, faida ni sh. 12,000. Akitoa sh. 4,000 za usafiri, ushuru na mifuko, anabaki na sh. 8,000. Endapo kila jioni anachukua sh. 10,000 kwa ajili ya nyumbani, basi kila siku anakula mtaji wa sh. 2,000. Baada ya siku 30 amekula sh. 60,000, ambazo ni zaidi ya mzigo mzima wa siku moja. Atasema biashara ni mbaya, wakati wateja hawajapungua hata mmoja.

Dawa yake ni kutenganisha mifuko. Fedha ya biashara ikae peke yake, na mwenye biashara ajilipe posho inayojulikana, kama ambavyo angemlipa mtu mwingine. Sabuni, sukari au unga unaochotwa dukani kwenda jikoni uandikwe kama umenunuliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe halihitaji elimu ya uhasibu. Safu tatu zinatosha: kilichoingia, kilichotoka na anayedaiwa.

Safu ya tatu ina uzito wake. Duka la kijijini haliwezi kukwepa kukopesha, hasa miezi ya ukata. Lakini mwenye duka anaweza kuweka ukomo, kwa mfano kwamba jumla ya madeni yote isivuke faida ya mwezi mmoja. Akivuka hapo, anakuwa amewagawia wateja mtaji wake. Vivyo hivyo kwa anayechukua mzigo wa jumla kwa mali kauli: fedha ya mwenye mzigo itengwe siku hiyo hiyo ya mauzo, kwa sababu si yake hata kama iko mfukoni mwake.

Pa kuiweka

Fedha ikishagawanywa inahitaji mahali. Godoro, chungu na paa la nyumba vimehifadhi akiba za wazee wengi, lakini moto, mchwa na wezi navyo vinajua njia ya huko. Zaidi ya hapo, fedha iliyo karibu na mkono hutumika haraka.

Benki ni salama zaidi, ingawa nayo si jiwe. Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilifuta leseni ya Mbinga Community Bank. Januari 2018 ikafuta leseni za benki nyingine tano kutokana na upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Baadhi ya hizo zilikuwa kimbilio la wakulima wa maeneo yao.

Waliokuwa na amana humo walilindwa na Bodi ya Bima ya Amana, chombo kinachochangiwa na benki zenyewe bila mteja kukatwa chochote. Wakati huo ukomo wa fidia ulikuwa sh. milioni 1.5 kwa mteja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki kusubiri mali za benki zifilisiwe ndipo ajue kama atapata kilichobaki. Mwaka 2023 ukomo huo ulipandishwa hadi sh. milioni 7.5. Kwa wakulima na wafanyabiashara wengi wadogo kiasi hicho kinatosha kufunika akiba yote. Mwenye zaidi ya hapo ana sababu nzuri ya kugawa fedha zake kwenye benki mbili.

Ni muhimu kufahamu kuwa kinga hiyo ni ya amana za benki. Haihusu kikundi cha kijijini wala mtu anayekusanya fedha za watu kwa ahadi.

Vikundi vya kuweka na kukopa, maarufu kama VICOBA, vina kinga ya aina nyingine: macho ya wanachama. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, huku sanduku lenyewe likiwa kwa mtu wa nne. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kila mmoja ana kitabu chake. Kikundi kinapoanza kuhesabu pembeni, au mtu mmoja akishika funguo mbili, kinga hiyo imekwisha hata kama wote ni ndugu.

Lipo jambo jingine ambalo vikundi vingi havilitazami, nalo ni mwezi wa kuvunja sanduku. Vingi hugawana Desemba ili wanachama wapate fedha za sikukuu. Kwa watu wa mjini ni sawa. Kwa kijiji cha korosho, Desemba ndiyo mwezi ambao kila mtu ana fedha. Kikundi kikipanga mzunguko wake uishie Julai, wanachama wake wanapokea akiba yao wakati wa dawa na palizi ya mwisho, wiki chache kabla mnunuzi wa kangomba hajaanza kupita. Ni uamuzi wa kikao kimoja, na hauna gharama.

Mkopo na mkopeshaji

Si kila mkopo ni mbaya. Unaokwenda kwenye dawa, mbolea au mzigo wa dukani unaweza kujilipa wenyewe. Unaokwenda kwenye sherehe hulipwa na kitu kingine, mara nyingi shamba.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hao katika madaraja manne. Wakopeshaji binafsi na kampuni zisizopokea amana wako daraja la pili na wanatakiwa kuwa na leseni ya BoT. SACCOS ziko daraja la tatu chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii viko daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, riba iliwekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi.

Kwa hiyo mkopaji ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutia saini au dole gumba. Leseni iko wapi? Jumla nitakayorejesha, pamoja na ada zote, ni shilingi ngapi? Nikichelewa kwa sababu mnada umechelewa, itakuwaje? Mkopeshaji anayejibu swali la pili kwa kutaja marejesho ya siku tu, bila jumla, anaficha kitu. Ndivyo mikopo ya "kausha damu" inavyowanasa watu: rejesho dogo la kila siku, jumla isiyotamkwa.

Anayedai kushikilia kadi ya benki na namba ya siri ya mkulima mpaka msimu uishe naye akataliwe. Huyo hajachukua dhamana, amechukua akaunti. Hali ni hiyo hiyo kwenye simu. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo huchukua namba zote zilizo kwenye simu ya mkopaji na kumwaibisha kwa ndugu na majirani anapochelewa kulipa.

Wanaovuna bila kupanda

Msimu wa fedha ni msimu wa matapeli pia. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewapata watu wengi kwa sababu hufika wakati mtu kweli anadaiwa. Mwingine hupiga akisema amekosea kutuma fedha na kuomba arudishiwe. Kanuni ni rahisi. Anayedaiwa apige namba anayoijua kabla ya kutuma. Aliyeambiwa kuna fedha imeingia kwa makosa atazame salio lake, si ujumbe, na aiachie kampuni ya simu irejeshe muamala. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni mhudumu.

Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa kwenda namba 15040 ili mhusika afuatiliwe. Aidha, kwa kupiga *106# mtu anaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake na kugundua kama kuna asiyoijua.

Hatari kubwa zaidi huja ikiwa imevaa nguo ya mkulima. Kati ya mwaka 2007 na 2009, taasisi iliyojulikana kama DECI ilikusanya fedha za maelfu ya Watanzania kwa lugha ya "kupanda mbegu" na "kuvuna". Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake wanne kwa kuendesha upatu na kupokea amana bila leseni.

Mkulima ndiye mtu wa mwisho aliyepaswa kunaswa na lugha hiyo. Anajua kwamba mbegu haioti bila ardhi, mvua na jasho. Anayeahidi mavuno aulizwe shamba lake liko wapi: anauza nini, kwa nani, na faida inatoka kwenye kazi gani. Kama jibu pekee ni kuleta watu wengine, hakuna shamba.

Kikao cha mezani

Hata mpango mzuri huvunjika ukikaa kwenye kichwa cha mtu mmoja. Katika nyumba nyingi korosho huokotwa na mke na watoto, lakini akaunti iko kwa jina la mume, na mke husikia habari za malipo kutoka kwa jirani. Nyumba ya namna hiyo haina bajeti, ina siri. Mume huficha alichopokea, mke huficha anachodaiwa, na Agosti wote wawili wanakutana na mnunuzi mmoja.

Kikao cha saa moja siku fedha inapoingia kinaweza kubadili mambo. Mume na mke wakae na daftari, waandike mafungu, wakubaliane nani anashika lipi na kwa ruhusa ya nani fungu la dharura litaguswa. Mtoto anayejua kuandika awe karani. Atajifunza humo hesabu ambayo haifundishwi darasani.

Agosti nyingine itakuja, na mnunuzi wa kangomba atabisha hodi kama kawaida yake. Serikali inaweza kuweka vizuizi barabarani, lakini mlango huo unafungwa na mwenye nyumba. Atakayekuwa na sh. 80,000 kwenye fungu la dharura atamkaribisha maji ya kunywa, atamjulia hali, kisha atamwambia korosho zake zinakwenda ghalani.